Kubadilisha pini na nyaya za mlingoti kwenye katamarani ndogo

Julai moja, kusi ikivuma, tulikuwa tunatoka kisiwa cha Manda kurudi Shela, kisiwani Lamu. Kamba ya tanga dogo ilinasa kipete cha pini ubavuni, kipete chembamba kama cha funguo, ikakifunua. Pini ikachomoka, waya wa joshi, upande unaotoka upepo, ukaachia, mlingoti wote ukalala demani, upande unaokwenda upepo. Kijana aliyekaa upande ule alikuwa ameinama kufungua fundo, ndiyo sababu haukumpata kichwani. Waya wenyewe ulikuwa mzima. Kilichotuangusha ni kipete ambacho nilikiona kimelegea asubuhi ile, nikasema nitakibadilisha kesho.

Kwa hiyo naandika kwa mwenye katamarani ya futi 14 hadi 18, ile ya mitumbwi miwili ya faiba na turubai katikati, anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe ufukweni.

Kwanza, siku na mahali

Mimi huifanya wakati wa maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Chagua siku za maji mafu, maji yasipojaa sana, usije ukafukuzwa na bamvua, maji makubwa, vifaa vikiwa vimetandazwa mchangani. Kabla ya kugusa chochote, tazama juu. Mlingoti ni wa aluminiamu, na ukigusa nyaya za umeme unaua kila aliyeushika. Kama kuna nguzo karibu, sogeza chombo.

Agiza vifaa mapema. Huku kwetu vingi hutoka Mombasa, vinapanda basi hadi Mokowe kisha boti, na kimoja kikikosewa kipimo umepoteza wiki. Pima kipenyo cha pini kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, si kwa jicho. Urefu wa waya upime ukiwa umevutwa, kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Pima wa kulia na wa kushoto. Vikitofautiana, mmoja umevutika ukarefuka kuliko mwenzake, na huo usiutumie kama kipimo.

Kushusha mlingoti

Watu watatu ndio salama. Tia pini ya bawaba kwenye kitako cha mlingoti ili usiruke pembeni. Nyaya za ubavuni ziache zimefungwa. Mmoja anasimama juu ya turubai kifua kikiwa kwenye mlingoti, wa pili anafungua waya wa omo, yaani wa mbele, wa tatu anasubiri tezi, yaani nyuma, kuupokea. Shusheni polepole kuelekea tezi, kisha uegemezeni juu ya kitu, usigusane na mchanga.

Kukagua, hapa usiwe na haraka

Osha kila kitu kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi. Ndoo moja na kitambaa vinatosha. Maji ya mji wetu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, si ya kumwaga ovyo.

Stenlesi hujikinga kwa utando mwembamba sana ambao unahitaji hewa ili ujirudishie. Mahali maji ya chumvi yanakaa na hewa haifiki, utando unakufa na chuma kinaliwa kwa ndani. Kwa hiyo usidanganywe na waya unaong'aa katikati. Tazama pale unapoingia kwenye kichwa chake kilichobanwa. Ukiona chozi la kutu, rangi ya chai ya rangi, likishuka mdomoni, huo umekwisha. Kisha pitisha pamba kavu toka mwanzo hadi mwisho. Pakiwa na uzi uliokatika, pamba itanasa. Uzi mmoja unatosha kuutupa waya mzima, maana nyingine zimebeba mzigo uleule na miaka ileile.

Pini ichomoe na upitishe ukucha ubavuni mwake. Ukihisi mfereji, hata mdogo, badilisha. Mabamba, vile vyuma vya matundu vinavyopokea pini, yachunguze kwa lenzi kuzunguka matundu: ufa huanza ukingoni kama unywele. Tundu lililokuwa duara likawa yai, bamba limekwisha.

Vipete vyote vitupe. Vyote, hata vinavyoonekana vipya.

Kufunga vipya

Nunua nyaya zilizokwisha kubanwa vichwa kwa mashine. Vibano vya nati ni vya kukufikisha nyumbani tu. Badilisha kulia na kushoto kwa pamoja.

Bamba la mlingotini lililofungwa kwa ribiti, toboa kichwa cha ribiti tu kwa drili yenye ukubwa wake, kisha sukuma mwili ndani. Stenlesi ikigusana na aluminiamu katika maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe utauona ukiling'oa bamba la zamani. Mimi hukata kipande cha plastiki kutoka dumu la mafuta ya kupikia, naweka katikati, kisha napaka grisi nzito ribiti na matundu. Ribiti ziwe za stenlesi, za aluminiamu hazifai kwa mzigo huu. Chenga za drili zisafishe mara moja, zikibaki zitashika kutu na kuchafua mlingoti.

Vipete vielekeze ndani, mbali na kamba. Zungushia utepe mara mbili juu ya kipete tu. Kichwa cha waya usikifunge utepe, utakuwa umeyafungia maji.

Kusimamisha na kusawazisha

Inua kwa njia ileile, ukianza na hatua ya mwisho. Sasa chukua henza, kamba ya kupandishia tanga, ishushe hadi bamba la ubavu wa kulia, ivute kidogo na utie alama kwa vidole. Ipeleke kushoto. Alama ikifika mahali palepale, mlingoti umesimama sawa. Isipofika, hamisha pini tundu moja. Usikaze kama gitaa, mlingoti wa chombo hiki unatakiwa ugeuke na tanga.

Safari ya kwanza iwe fupi, ndani ya mlango wa Lamu, halafu rudi mchangani ukague vipete kimoja kimoja kwa kidole. Na waya wa joshi ukikatika ukiwa majini, usishike kamba ya tanga: iachie, geuza omo upite kwenye upepo mara moja, waya wa upande wa pili uchukue mzigo. Muda unaopata ni sekunde chache, kwa hiyo wafundishe wenzako kabla ya kusukuma chombo.