Kumfuatilia mhamiaji wa Kifaransa kwenye orodha za meli za New York, 1907–1914

Anza na karatasi: andika mwaka aliozaliwa, kijiji chake, na jina la mzazi au ndugu aliyebaki nyumbani. Hayo ndiyo yatakayokuhakikishia kuwa umempata mtu wako, maana jina peke yake halitoshi. Familia nyingi husimulia kuwa majina yalibadilishwa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York. Sivyo. Orodha ilijazwa na makarani wa kampuni ya meli kabla ya safari, na makosa mengi yameongezwa na walioinakili miaka ya karibuni.

Hatua ya 1. Tafuta kwenye hifadhidata ya Ellis Island au FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo. Zote ni za bure. Majina ya Kibretoni, yaani ya Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, husumbua sana: Le Goff wa Gourin, mji wa huko, anaweza kuandikwa Legoff, Goff, hata Le Gott. Ukikwama, acha jina la ukoo, weka jina la kwanza, umri (miaka 2 juu na chini) na meli. Kwa waliopanda Le Havre, bandari ya Ufaransa, anza na meli za La Provence, La Lorraine, La Savoie na La Touraine. Kuanzia 1912 ongeza meli iitwayo France. Tarehe utakayoiona ni ya kufika, kwa hiyo kama barua inataja siku ya kuondoka, hesabu wiki moja hivi mbele.

Hatua ya 2. Fungua picha ya orodha yenyewe. Fomu ina mistari 30 na imechukua kurasa mbili, na ukurasa wa kulia mara nyingi umewekwa kama picha inayofuata. Wengi huishia wa kushoto. Shika namba ya mstari, tuseme 17, uifuate upande wa pili. Kushoto kuna anwani ya ndugu aliyeachwa Ufaransa: hii ni dhahabu, ndiyo inayokupeleka kijijini. Kulia utaona nani alilipa nauli, alibeba fedha kiasi gani, anamfuata nani, na mwishoni alikozaliwa.

Hatua ya 3. Soma alama. Mstari uliokatwa: abiria hakupanda, mtafute meli inayofuata. X kando ya jina: alizuiliwa, nenda mwisho wa orodha ya meli hiyo, kwenye karatasi ya waliozuiliwa, usome sababu na hata idadi ya milo aliyopewa. Tarakimu na tarehe juu ya safu ya kazi ziliongezwa miaka mingi baadaye, alipoomba uraia.

Hatua ya 4. Rudi Ufaransa. Kwa mwanamume, omba daftari la jeshi, registre matricule, kwenye hifadhi ya nyaraka ya mkoa. Jumlisha 20 kwenye mwaka wa kuzaliwa: wa 1887 yumo kwenye kundi la kuandikishwa jeshini la 1907. Humo mna maumbile yake na anwani zake, wakati mwingine hadi za Marekani.

Wa Alsace, eneo la mpakani lililokuwa chini ya Ujerumani kati ya 1871 na 1918, usimtafute kama Mfaransa: uraia wake uliandikwa Ujerumani. Na asipoonekana kabisa Le Havre, pitia meli zilizotoka Cherbourg, Southampton na Antwerp.