Vifaa vya usafi na afya ya mbwa: uanze na kipi ukiwa Arusha au Moshi

Ukiingia duka la dawa za mifugo na kuulizia vitu vya mbwa, mara nyingi utaanza kuonyeshwa shampuu. Iache kwanza. Kwa mbwa anayelala nje Njiro, Ngaramtoni, Pasua au Kiboriloni, adui mkubwa si harufu wala vumbi. Ni kupe, na kupe haondoki kwa povu. Fedha ya kwanza itumie kwa vitu vitakavyokuwezesha kuiona na kuigusa ngozi ya mbwa kila siku: kitana, kibanio, na dawa ya kupe inayolingana na uzito wake. Sabuni, mkanda na godoro vifuate.

Kitana na kibanio

Tafuta kitana cha chuma chenye meno yaliyobanana, kile kile cha kutolea chawa kichwani. Cha plastiki meno yake hutanuka baada ya muda na viroboto hupenya. Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi hahitaji zaidi ya hicho na brashi ya mpira. Mwenye manyoya marefu, kama German Shepherd na machotara wake, anahitaji pia brashi ya waya mwembamba uliopinda nchani, kwa sababu manyoya yake ya ndani hujisokota na kushika unyevu, hasa nyuma ya masikio na mapajani. Kabla hujalipia brashi hiyo, ipitishe kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako. Ikikukwaruza wewe, itamkwaruza na yeye.

Chana kutoka shingoni kwenda mkiani, ukifuata ulalo wa manyoya. Kila ukivuta mara moja, kung'uta kitana juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Utaona punje nyeusi. Subiri nusu dakika: zikianza kutoa rangi ya wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu waliyokwisha kunyonya. Zikibaki nyeusi, ni vumbi tu. Kiangazi, udongo wa volkano unapotimka na kutanda kila mahali, hiki ndicho kipimo cha kukutofautishia mbwa mchafu na mbwa mwenye viroboto. Kiroboto hai mtumbukize kwenye kopo la maji yenye sabuni, maana kwenye maji matupu huelea na kuruka tena.

Ukimaliza kuchana, tumia vidole. Kupe hujificha ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Papasa polepole, kupe mchanga ni mdogo kuliko punje ya ulezi na jicho humpita. Katikati ya vidole angalia pia funza, hasa kwenye nyua zenye vumbi kavu.

Kibanio kiwe na ncha nyembamba, siyo bapa. Mshike kupe pale mdomo wake unapoingia kwenye ngozi, si tumboni, kisha mvute kuelekea juu kwa nguvu ndogo isiyobadilika mpaka aachie. Usimsokote wala kumnyofoa kwa ghafla. Ukibana tumbo unarudisha mate na vimelea vyake ndani ya kidonda, na ndivyo inavyotokea pia unapompaka mafuta ya taa au kumchoma na kiberiti angali ameshika. Ukishamtoa, mtie kwenye kichupa chenye spiriti. Usimponde kwa kucha. Kipande cha mdomo kikibaki usikichimbue. Safisha kwa sabuni na maji, ngozi yenyewe itakisukuma nje.

Ukaguzi ni wa kila siku kwa sababu vimelea vingi vya homa ya kupe huchukua saa kadhaa, vingine siku moja au zaidi, tangu kupe aume mpaka viingie kwenye damu. Mzoeze pia mbwa kufunguliwa mdomo akiwa mzima, ili uijue rangi ya kawaida ya fizi zake. Siku fizi hizo zikipauka, au mkojo ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi, naye amesusa chakula, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mizani na dawa

Mizani ya kupimia uzito wa watu inatosha. Jipime umembeba mbwa, jipime peke yako, toa. Mtoto wa mbwa aingie kwenye kikapu na kupimwa kwa mizani ya kuning'iniza. Bila kilo huwezi kununua dawa sahihi, iwe ya matone, ya vidonge au ya minyoo, kwa sababu zote hutolewa kwa kilo.

Hapa ndipo mbwa wengi wanapoumia. Dawa ya kuogeshea ng'ombe inamiminwa kwenye ndoo kwa kukadiria, kisha mbwa anamwagiwa. Amitrazi, mojawapo ya dawa hizo za kuogeshea, ikizidi humfanya asinzie, ayumbe, atapike na mapigo ya moyo yashuke. Dawa za jamii ya oganofosfati humtoa udenda, humharisha na kumtetemesha, na zinaweza kumuua. Mbwa hujilamba, kwa hiyo anachopakwa nje anakimeza. Ikishatokea, vaa glavu, msuuze kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kwa daktari wa mifugo na chupa yenyewe mkononi ili asome kilichomo. Usimlazimishe kutapika.

Dawa ya matone hupakwa katikati ya mabega, mahali ulimi haufiki. Tenganisha manyoya mpaka uione ngozi. Dawa inayoishia juu ya manyoya imepotea. Kwa aina nyingi, asiogeshwe siku mbili kabla na siku mbili baada. Nyingi hudumu kama mwezi mmoja, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, usiruke mwezi. Kama nyumbani kuna paka, kataa dawa ya mbwa yenye permethrini: kwa paka ni sumu. Kola ya dawa nayo hufanya kazi kwa kugusa ngozi, hivyo ikining'inia kama kidani haisaidii. Vidole viwili vipite chini yake, visizidi.

Kuna watu humtibu mbwa vizuri na kupe wakarudi baada ya wiki chache. Sababu iko kwenye banda. Kupe wa kahawia wa mbwa, akishashiba, hushuka na kupanda ukutani, hutafuta ufa na kutaga humo maelfu ya mayai. Mfuko mdogo wa saruji wa kuzibia nyufa za banda na za ukuta wa karibu uuhesabu kama kifaa cha mbwa, na kwetu unatangulia mkanda mzuri wa shingo.

Kumwogesha

Mara moja kwa wiki nne hadi nane inatosha, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Andaa ndoo mbili za lita 20 za maji ya uvuguvugu kwa mbwa wa kilo 20, kopo, mkeka wa mpira asiteleze, pamba, na mataulo mawili. Mataulo ya mtumba ya pamba, yale mazito, hunyonya maji kuliko mapya mepesi.

Anza kati ya saa 4 asubuhi na saa 7 mchana, jua likiwapo. Juni na Julai baridi ya Arusha hushuka mapema jioni, na mbwa anayelala na manyoya mabichi hupata baridi, tena ngozi yake huvunda chini ya manyoya. Siku ya mawingu mazito ahirisha, mchane tu.

Shampuu iwe ya mbwa. Ngozi yake haina asidi kama yetu, na sabuni ya unga au ya mche huondoa mafuta yake ya asili, kisha anaanza kujikuna na mwenye mbwa anadhani ni viroboto. Ichanganye na maji kwenye chupa ili isambae sawasawa. Weka pamba kwenye mlango wa masikio. Kama ana viroboto, anza kwa kumpaka povu kuizunguka shingo yote, la sivyo watakimbilia usoni. Paka mwilini, sugua kwa vidole, si kwa kucha. Shampuu yenye dawa ikae dakika 10, au muda ulioandikwa kwenye chupa. Kusuuza kuchukue muda mara mbili ya kupaka: povu linalobaki kwapani na kwenye kinena ndilo huacha vipele siku ya pili. Mvue mkanda kabla ya yote, na usimrudishie ukiwa mbichi.

Malazi, bakuli, koleo

Kitanda kiinuke sentimita 10 hadi 15 kutoka chini, masika yasije yakakiloweka. Godoro liwe na foronya ya turubai inayovuliwa na kufuliwa kila wiki kwa maji ya moto sana. Mayai na mabuu ya viroboto yako humo kuliko mwilini mwa mbwa, na mabuu wakishajifunga kwenye vifuko vyao hustahimili miezi. Anika kwenye kamba, si juu ya majani. Maranda ya mbao yanafaa yakibadilishwa kila wiki. Pumba za mpunga hazifai, huchoma macho na kuingia masikioni. Maganda ya kahawa usitandike kabisa, kwa kuwa kafeini ni sumu kwa mbwa.

Bakuli liwe la chuma kisichoshika kutu. La plastiki hupata mikwaruzo na uchafu hujificha humo hata ukisugua. Mbwa wa kilo 20 hunywa lita moja na zaidi kidogo kwa siku, kwa hiyo kibakuli cha nusu lita kitakauka mchana naye ataenda kunywa mtaroni.

Kinyesi kizolewe kila siku kwa koleo dogo na kuwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, basi ukiwa njiani beba gazeti. Mwisho wa kinyesi ni shimo refu au choo, si kwenye mboga wala chini ya migomba: mayai ya minyoo hukaa ardhini kwa miaka na watoto huyashika. Mbwa mkubwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu; mtoto, kila wiki mbili tangu wiki ya pili mpaka afikishe miezi mitatu. Anayelishwa mabaki ya machinjio anahitaji dawa yenye prazikwanteli, ya kuua tegu, na maini na mapafu yachemshwe kwanza, nusu saa au zaidi. Yenye mavimbe ya maji yachomwe au yafukiwe, asipewe.

Kucha, masikio, meno

Mkasi wa kucha za mbwa, siyo wa watu, ambao huponda ukucha badala ya kuukata. Kata milimita mbili kwa wakati. Kwenye ukucha mweusi tazama sehemu iliyokatwa: ukiona kidoa cheusi chenye unyevu katikati, simama, mshipa uko karibu. Ukitoka damu, bandika unga wa mahindi na ukandamize dakika tano. Ule ukucha wa juu ndani ya mguu haugusi ardhi, hivyo hujipinda na kuingia nyamani bila mtu kujua.

Masikio ni pamba iliyofungwa kidoleni na dawa ya kusafishia, basi. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani. Ukikuta chembe kama unga wa kahawa, ni utitiri, na dawa yake isinunuliwe kwa kubahatisha. Ncha za masikio zilizoliwa na nzi, jambo la kawaida kwa mbwa wa karibu na zizi, zipakwe vaselini.

Meno yasuguliwe kwa mswaki laini wa mtoto na dawa ya meno ya mbwa, au maji matupu. Dawa ya watu humezwa, na zenye zailitoli, kiungo cha kutia utamu, ni sumu kwake.

Nunua pia kabrasha lisilopenya maji la kuhifadhia kadi ya chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Andika humo pia tarehe ya dawa ya kupe na ya minyoo, jina la dawa, na kilo zake siku ile. Daktari atakayempokea akiwa hoi ataanza kwa kukuuliza hayo.