Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwanunulia Watoto Nguo na Zawadi za Idi

Mzazi anayetaka kuwatendea watoto wake haki siku ya Idi inafaa aanze kupanga kabla kumi la mwisho la Ramadhani halijaingia. Anayechelewa hukuta mafundi cherehani wameshaacha kupokea kazi, bei za Kariakoo au Darajani zimepanda, na saizi ya mtoto mmojawapo imekwisha dukani. Ndipo mtoto mmoja hutoka asubuhi ya Idi Mosi na kanzu mpya na makubadhi, huku mwenzake akiambiwa avae viatu vya shule na avumilie mpaka sikukuu nyingine.

Kwanza ijulikane fedha iliyopo. Zaka ya fitri itengwe mwanzo, kwa kuwa hutolewa kabla ya Swala ya Idi na ni takriban pishi moja ya chakula kikuu cha mahali kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Fungu la watoto litokane na kinachobaki, wala lisiongezwe kwa mkopo.

Jambo linalowatatiza wazazi wengi ni kutenganisha haja na zawadi. Imepokewa katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim kwamba baba yake Nuuman bin Bashir alimpa mwanawe huyo zawadi, naye Mtume (S.A.W.) akamuuliza iwapo amewapa watoto wake wote mfano wake, alipojibu kuwa hakuwapa, Mtume alimwamrisha amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, wanahesabu kuwasawazisha watoto katika zawadi kuwa ni sunna, na kumpendelea mmoja bila sababu kuwa ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza. Wa Hanbali wamekwenda mbali zaidi wakasema kusawazisha ni wajibu. Lakini matumizi ya lazima hufuata haja ya kila mmoja. Kijana wa miaka 15 anahitaji kitambaa kingi kuliko mdogo wake wa miaka 4, na msichana ana hina na kusukwa nywele, gharama ambazo akina baba wengi huzisahau wanapopiga hesabu. Kwa hiyo katika nguo usitafute bei zinazolingana, bali hakikisha kila mtoto amekamilika kuanzia kichwani hadi miguuni: kama wavulana wana kanzu, kofia na viatu, wasichana nao wawe na gauni, mtandio na viatu. Andika jina la kila mtoto na vitu vyake vyote kabla ya kwenda sokoni, kisha ununue vya wote kabla ya kumwongezea yeyote kitu cha ziada.

Mkono wa Idi, yaani fedha wanazopewa watoto siku hiyo, una hukumu nyingine, kwa sababu huo ni zawadi na watoto huuhesabu mbele ya wenzao. Kwa maoni yangu, watoto wote wanaojua kuhesabu wapewe kiasi kimoja, mvulana na msichana sawa. Ukiona ni lazima wakubwa wazidishiwe, kwa mfano kwa kuwa wao ndio wanaowalipia wadogo nauli na bembea kwenye viwanja vya sikukuu, basi waambie wote sababu hiyo mapema, na mdogo naye apewe kiasi hicho atakapofikia umri huo.

Watoto wasio wako wa kuzaa ndio husahaulika zaidi. Yatima wa ndugu unayemlea na binti wa kazi ambaye hakupata ruhusa ya kwenda kwao wataamka asubuhi ile katika nyumba yako na kuwatazama wanao wakivaa. Majina yao yawe katika orodha tangu mwanzo, kwa nguo kamili na mkono wa Idi ule ule. Wasiachiwe masalio ya fungu wala nguo zilizowabana wengine. Ni vivyo hivyo kwa baba mwenye nyumba mbili. Watoto wa mama mbalimbali watakutana kwa bibi yao siku hiyo hiyo na watalinganisha, kwa hiyo kiasi kiamuliwe mara moja kwa nyumba zote, na kila mama akijue kabla hajaanza kununua.

Zungumza pia na jamaa walio mbali. Mjomba aliyeko Muscat akituma begi lenye zawadi za watoto wawili tu anaowakumbuka kwa majina, mpango wako wote unavurugika bila yeye kukusudia. Mpelekee mapema idadi ya watoto, umri wao na saizi zao, au umwombe atume fedha ili zigawiwe huku. Begi likishafika na vitu havitoshi, lifunguliwe na wazazi kwanza, faraghani, na pengo lijazwe kabla watoto hawajaliona.

Mwisho ni fedha ndogondogo. Noti za shilingi 1,000 na 2,000 hutafutwa na kila mtu siku hizo, na mzazi mwenye noti za 10,000 peke yake hujikuta akimpa mmoja na kumwambia agawane na wenzake, jambo ambalo huzaa ugomvi. Zibadilishe benki mapema, uziweke katika bahasha zenye majina, na ziwe tayari kabla ya magharibi ya mwezi 29 Ramadhani, kwa kuwa mwezi ukiandama jioni hiyo, Idi ni kesho yake.