Seva ya LDAP mara inajibu chap, mara inaganda

Wana IT wa Mwanza, kabla hujakimbilia kuongeza RAM kwenye seva ya LDAP, ile inayotunza orodha ya watumiaji na kukagua anayeingia, soma hii. Kuna ofisi saa mbili asubuhi watu wanaingia kwenye mfumo kwa mpigo, huyu anaingia fasta, jirani yake anasubiri sekunde nane, na ukicheki wastani wa muda wa kujibu unaonyesha mambo safi kabisa. Wastani unaficha, nenda kwenye logi, kumbukumbu ya kila seva inachofanya, ukaangalie yale maombi yaliyochelewa yenyewe. Kwa OpenLDAP, programu ya seva ya LDAP, kuanzia toleo 2.5, mstari wa RESULT (unaoandikwa ombi likimalizika) una qtime na etime, qtime ni muda ombi limekaa foleni kabla halijaguswa, etime ni muda wote. Qtime ikipanda maana yake ombi lako halina shida, limezibiwa tu, kama gari dogo lililokuwa linasubiri Kigongo enzi za kivuko. Sasa mtafute anayeziba. Sisi tulikuta programu moja inatafuta watu kwa mail, yaani anwani ya barua pepe, na logi inasema wazi “(mail) not indexed”, yaani kila utafutaji seva inapekua watumiaji wote mmoja mmoja! Tukaweka indeksi ya mail, orodha ya kumpata mtu moja kwa moja, asubuhi iliyofuata kimya. Logi iache kwenye levo ya stats tu (inaandika maombi na majibu yake), ukiipandisha sana yenyewe nayo inaivuta seva.