Kusoma michongo iliyofifia kwa tochi, kamera na uzi: makaburi ya Kaole na milango ya Bagamoyo

Mchongo hauonekani kwa rangi yake, unaonekana kwa kivuli chake. Kwenye jiwe la matumbawe na lipu ya chokaa, kama ya makaburi ya Kaole kusini mwa mji wa Bagamoyo, chumvi na mvua hula kingo za mchongo mpaka kinabaki kibonde chembamba. Ukikimulika kutoka mbele hakitupi kivuli, ndiyo maana flashi ya simu hukuletea picha ya jiwe tupu.

Anza na jaribio la dakika moja. Giza likishaingia, shika tochi ubavuni mwa jiwe, mwanga uuparuze uso kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 15. Michirizi itajitokeza.

Ila mwanga mmoja hudanganya, kwa sababu mfereji unaokwenda sambamba nao hautupi kivuli. Tazama mlango wa nakshi saa sita mchana, jua likiushukia kutoka juu: mikato ya mlalo inasimama, ya wima inapotea. Dawa ni kupiga picha nyingi huku kamera ikikaa palepale na taa ikihama. Mwaka 2001 Tom Malzbender na wenzake wa kampuni ya kompyuta ya Hewlett-Packard walionyesha namna ya kuziunganisha: kwa kila nukta ya picha kompyuta hukokotoa jinsi mng'ao unavyobadilika taa inapohama, na kuuhifadhi kwa namba 6 tu. Ukiwa nyumbani unaizungusha taa kwenye skrini utakavyo.

Omba kwanza kibali cha wasimamizi wa eneo. Kisha tafuta kamera yenye kurekebishwa kwa mkono, stendi nzito, tochi ya LED yenye mwanga uliosambaa sawasawa, uzi usiovutika, na mipira miwili myeusi inayong'aa. Mpira mweusi wa meza ya pool unafaa sana. Geuza namba yake nyuma. Una kipenyo cha milimita 57. Kamera ya nukta 4,000 kwa upana, ikipiga eneo la sentimita 70, itauona kwa nukta 325 hivi, na kinachohitajika ni 250 kwenda juu. Simamisha kila mpira kwenye kijiti kilichochomekwa ardhini, mmoja kila upande wa jiwe, usawa wa uso wake, pasipo kuligusa. Nukta ya mwanga juu ya mpira ndiyo inayoiambia programu taa ilikuwa wapi.

Kata uzi mara tatu hadi nne ya mshazari wa sehemu yenye mchongo. Kwa mshazari wa sentimita 60, tumia sentimita 200. Msaidizi ashike tochi mwisho wa uzi, wewe upeleke ncha nyingine karibu na katikati ya jiwe bila kugusa, kisha uondoe uzi kabla ya kupiga. Gawa duara kama uso wa saa, mielekeo 12, na kila mwelekeo piga pembe nne. Msaidizi hahitaji kipima pembe. Apime umbali wa tochi kutoka usawa wa jiwe: sentimita 52 kwa nyuzi 15, 100 kwa nyuzi 30, 141 kwa nyuzi 45, 181 kwa nyuzi 65. Jumla picha 48. Kaburi likiwa chini sana, mielekeo ya chini haitawezekana, iache.

Weka ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), fokasi ya mkono na rangi isiyojibadilisha. Pima mwanga tochi ikiwa nyuzi 65, maana hapo ndipo penye mwanga mkali zaidi, kisha usiguse kitu tena. Tumia kihesabu cha sekunde 2, ili kidole chako kisiitikise kamera.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni stendi. Kwenye mchanga wa pwani huzama taratibu, na nukta mbili tatu za kusogea zinatosha kutia ukungu kila mchirizi. Weka vibao chini ya miguu na uning'inize mfuko wa mchanga katikati. Ukitoka chumba cha kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi nusu saa, la sivyo lenzi itatokwa jasho. Milango iliyopakwa vanishi humeremeta. Ongeza picha za pembe za chini.

Tafadhali usipake chaki wala mkaa, na usimwagie maji. Maji huyeyusha chumvi iliyomo kwenye jiwe, nayo ikikauka huganda upya na kubandua lipu. Mchongo uliodumu karne nyingi unaweza kupotea kwa ajili ya picha moja.

Picha zipeleke kwenye RelightLab, programu ya bure: onyesha ilipo mipira, kata eneo, unganisha.

Wengi huuliza kwa nini wasirekodi video tu huku tochi ikizunguka. Usimbaji wa H.264, unaotumika kwenye video nyingi, hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa tofauti ndogondogo za mng'ao, hasa gizani, na mchongo uliofifia ni tofauti ndogo ya mng'ao. Unabaki na vigae laini vya mraba. Kwa sababu hiyohiyo, ukimtumia mwenzako picha kwa WhatsApp, itume kama dokumenti.