Mkiwa Roma na watoto, nendeni Ostia Antica

Jamani kama mko Roma na watoto msiishie kwenye foleni ya Colosseum tu, tengeni siku moja muende Ostia Antica, ule mji wa bandari wa Warumi wa zamani. Treni mnapandia Porta San Paolo, pale pale karibu na metro ya Piramide, kama nusu saa hivi mmefika, na watoto chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio. Jumatatu wanafunga.

Kigari cha mtoto acheni hotelini! Sisi tulienda nacho, aisee ile barabara kuu ni mawe makubwa yaliyotuna na mianya katikati, tairi zinakwama kila hatua mpaka baba watoto akakibeba begani na mimi nikamfunga mdogo mgongoni kwa kanga, ndo tukatembea.

Msizunguke kote, watoto watachoka. Nendeni moja kwa moja kwenye ule ukumbi wa zamani wa michezo ya jukwaani (theatre), pandeni ngazi, halafu nyuma yake kuna uwanja uliozungukwa na vyumba vya wafanyabiashara, sakafuni kuna picha za vijiwe vyeusi na vyeupe, meli, samaki, na kuna tembo mmoja wa wafanyabiashara wa Sabratha, Libya ya leo, yaani Afrika yetu ipo pale chini. Wanangu walichuchumaa kwa tembo muda mrefu sana, mkubwa anahesabu vijiwe vya mkonga.

Mkitoka hapo waonyesheni vile vyoo vya pamoja, benchi la mawe lina matundu yamepangana. Kofia na maji msisahau, kivuli ni kidogo.