Kumwagizia mgonjwa dawa kutoka nje: kibali kwanza, kifurushi baadaye

Mama yangu alipandikizwa figo India, na tangu hapo anakunywa tacrolimus kila baada ya saa 12. Dozi hiyo hairukwi, kwa sababu ndiyo inayouzuia mwili usiikatae figo. Kifurushi chake kilipokwama Dar es Salaam siku 11, sisi huku Lindi tulimwaga kapsuli kwenye sinia kila usiku tukahesabu zilizobaki. Sitaki familia nyingine ipitie hayo.

Tulianzia mwisho. Shemeji alinunua, akatuma, halafu ndipo tukaanza kuulizia kibali. Dawa zinazoingia Tanzania zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, na ruhusa hutangulia mzigo hata kama mtumiaji ni mgonjwa mmoja. Kabla mtu wako hajalipia chochote huko nje, nenda ofisi ya TMDA Kanda ya Kusini, Mtwara mjini, ukaulize dawa yako inaombewaje. Nauli ya kutoka Lindi ni ndogo kuliko gharama ya mzigo uliokwama.

Barua ya daktari ndiyo iliyotugharimu. Cheti cha dawa cha daktari wa India tulikuwa nacho, lakini kiliandikwa jina la kibiashara, wakati boksi lilikuwa la kiwanda kingine. Jina la mama nalo lilikuwa na maneno mawili yaliyopinduliwa, kitambulisho chake kina matatu, na juu ya kifurushi shemeji aliandika jina langu. Aliyekagua alikuwa na karatasi tatu na watu watatu. Angejuaje kuwa dawa ni ya mama?

Muombe daktari anayemhudumia mgonjwa hapa nchini aandike barua yenye mhuri, sahihi na namba yake ya usajili. Itaje ugonjwa, jina halisi la dawa (si la kibiashara), nguvu yake, dozi ya siku na jumla inayohitajika. Piga hesabu mbele yake: kapsuli 2 asubuhi na 2 jioni ni 4 kwa siku, siku 90 ni 360. Mtumaji asizidishe, hata muuzaji akimpunguzia bei. Jina la mgonjwa liwe lilelile kwenye barua, kitambulisho, risiti na kifurushi, herufi kwa herufi.

Fomu yenyewe ya kuombea kibali haina shida. Ukiambiwa kuna ada, lipia kwa kontroli namba (namba ya malipo ya serikali) tu, kamwe usimtumie mtu kwenye simu yake. Kibali kikitoka, mtumie mtumaji nakala aibandike nje ya boksi, nawe baki na nyingine.

Anayekuja na dawa zake mwenyewe, iwe kwa ndege au kwa kuvuka Ruvuma pale Mtambaswala au Kilambo, aziache kwenye boksi lake, abebe cheti, na aseme anazo kabla hajaulizwa. Diazepamu, kodeini na mofini ni habari nyingine: zinagusa pia sheria ya dawa za kulevya ya 2015, kwa hiyo usiagize hata kidonge kimoja kabla hujapata jibu la TMDA kwa maandishi.

Sasa hatungoji ziishe. Mama ana dawa za wiki tano, na barua ya awamu ijayo daktari ameisaini juzi.